Nimechoka kudai marejesho, nataka kushika kamera

Shikamoo mama mshauri,

Naomba usiandike jina langu wala la ofisi ninayofanyia kazi. Nina miaka 29, naishi Ilemela hapa Mwanza, kwetu ni Sengerema. Nina stashahada ya uandishi wa habari. Nilipomaliza chuo nilizunguka na vyeti vyangu kwenye redio za hapa mjini, wakawa wananipokea nijitolee bila nauli wala chakula cha mchana, mpaka shangazi yangu aliponiunganisha na kampuni ya mikopo midogo. Huko ndiko niliko hadi leo. Mimi ni afisa mikopo. Naunda vikundi vya akina mama, nawafanyia tathmini, nawapa mikopo, na kila wiki napita kukusanya marejesho. Wateja wangu wengi ni waanikaji na wachuuzi wa dagaa kwenye mialo ya huku ziwani.

Mshahara wangu ni laki tano na ushee. Si mkubwa, ila unaingia kila mwezi, na ndio unaomlipia ada mdogo wangu wa kiume anayesomea uuguzi katika chuo binafsi. Baba alishafariki. Mama yuko Sengerema, analima viazi na kuuza michembe, vile viazi vilivyokaushwa.

Kurekodi nilianza kwa simu, Jumamosi na Jumapili, nikiwa sina hili wala lile. Kuna video moja naipenda kuliko zote. Wingu limetanda upande wa ziwa, dagaa wametandazwa mchangani, na akina mama wanaanza kukimbia na mafagio na maturubai. Mmoja ana mtoto mgongoni, anazoa dagaa kwa mikono miwili huku anamwita mwenzake aliyekwenda kunywa chai, maana mzigo wa mwenzake nao unalowa. Sikuweka maneno yangu hata moja. Niliipandisha mtandaoni usiku, asubuhi nikakuta watu wa kwetu walioko Dar es Salaam na wengine Oman wanaandika kwamba wamesikia harufu ya nyumbani. Tangu siku hiyo najua ninachotaka. Nataka kusimulia maisha ya watu hawa: fundi baiskeli, mkaanga samaki, kijana anayeshusha magunia alfajiri. Siasa siitaki kabisa.

Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, nilikwenda kuwatafuta akina mama waliokuwa wakiwauzia samaki, mayai na maji abiria waliosubiri kivuko. Sasa mabasi yanapita juu bila kusimama. Walinieleza vizuri tu: daraja wanalifurahia, mgonjwa akizidiwa usiku anafika hospitali ya Bugando bila kusubiri kivuko, ila meza zao zimekosa wateja na hawajui wahamie wapi. Televisheni moja ya mtandaoni ikanipigia, ikaitaka hiyo video kwa shilingi 20,000. Nikawatumia yote. Walipoirusha walikuwa wamekata ile sehemu ya mgonjwa, wamebandika nembo yao, na kichwa cha habari kinasema akina mama wanalilaani daraja. Mama mmoja aliitwa na viongozi wa mtaa kuulizwa ana shida gani na maendeleo. Hela yenyewe mpaka leo sijaiona. Na bado watu hao hao wananiambia niache kazi, niwe mwandishi wao wa kujitegemea wa Kanda ya Ziwa, wanilipe kwa kila habari.

Sasa mama, linaloninyima usingizi ni jingine. Hivi karibuni nilikuwa narekodi waanikaji, mteja wangu mmoja akaanza mwenyewe kuzungumzia mikopo kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa. Alieleza alivyokopa kwa mtu wa mtaani ili apate rejesho la kwetu, kisha akakopa kwa mwingine ili amlipe yule wa mtaani, mpaka wakamchukulia jiko la gesi na godoro. Alilia. Alijua narekodi, simu ilikuwa mbele yake. Ile video kila nikiitazama nashindwa kuifuta na nashindwa kuitoa. Nikiitoa, kazi naweza kuipoteza, maana mkopo wa kwanza nilimpa mimi. Nisipoitoa, najiona nakula mshahara juu ya machozi yake.

Mama yangu nilipomgusia kuacha kazi alikataa katakata. Alisema waandishi wanapotea, na akaniuliza ada ya mdogo wangu itatoka kwenye simu ipi. Hatujazungumza vizuri tangu hapo.

Nisaidie mama. Niache kazi niwe mwandishi wa video wa kujitegemea, au nivumilie? Na je, ni kweli hata mtu mwenye simu tu anahitaji leseni?

Binti wa Sengerema, Mwanza


Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na wale akina mama wanaokimbizana na mvua nimewaona. Jicho unalo. Nalisema mapema ili lisitusumbue tena, kwa sababu kipaji chako sicho kilichokufanya uandike.

Umeuliza uache kazi au uvumilie. Ni swali zito, lakini naona umelitanguliza kwa kuwa lina majibu mawili tu na mtu anaweza kulishika. Lile la mama aliyelia halishikiki kirahisi hivyo, na hata ukiandika barua ya kuacha kazi kesho asubuhi litakufuata. Niruhusu nianzie huko.

Unasema alijua unarekodi. Sawa. Ila alikuwa anaongea na nani? Wewe siku ile ulijiona mwandishi. Yeye alikuwa mbele ya afisa mikopo wake, mtu anayeweza kumvumilia wiki moja zaidi au kuwageukia wanakikundi wenzake wamlipie. Mwenye deni hana nguvu ya kumwambia anayemdai kwamba leo sitaki kurekodiwa. Huenda alitumaini ukimwonea huruma utamsogezea siku. Huenda pia hakuwaza lolote kati ya hayo, moyo ulikuwa umejaa na wewe ulikuwa wa kwanza kumsikiliza bila kumkatiza. Anayejua ni yeye peke yake, na kuna njia moja ya kupata jibu.

Mwendee siku ambayo si ya marejesho, bila fulana ya ofisi wala kishikwambi cha kazi. Mwonyeshe video yote mwanzo hadi mwisho. Mtajie watakaoiona: wanawe, wanakikundi, majirani, na wale waliomchukulia godoro, maana nao wana simu. Mwambie wazi kwamba jibu lake halitagusa mkopo wake kwa namna yoyote, kisha mwache alale na neno hilo. Akikubali, bado unaweza kuficha uso na kubadili sauti, au kuonyesha mikono yake ikipepeta dagaa huku simulizi inaendelea. Akikataa, video hiyo ni yake zaidi kuliko yako. Na kuna uwezekano akubali leo, halafu baada ya wiki akutumie ujumbe kwamba mume wake amekasirika na anaomba uiondoe. Jiulize kabla hujaanza kama uko tayari kuiondoa hata ikiwa imetazamwa na maelfu.

Halafu kuna jambo ambalo naona umelipita haraka. Unadhani habari ni yale machozi. Mimi naona habari kubwa zaidi iko kwenye kazi yako ya kila wiki. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, na mwanikaji anakaa siku kadhaa hana mzigo wa kuanika. Rejesho halina habari na mbalamwezi, Jumatatu ikifika linatakiwa. Ukija msimu wa mvua, dagaa wasiokauka vizuri wanaozea mchangani au wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Ni katika siku hizo ndipo mtu wa kausha damu anapokaribishwa ndani. Hayo unayajua wewe, mwandishi anayetumwa kutoka Dar es Salaam kwa siku mbili hawezi kuyaona, na yanaweza kusimuliwa bila kumtaja mteja wako hata mmoja, kwenye mwalo ambao kampuni yenu haina kikundi.

Lakini hapo hapo simama kidogo. Ni lipi ulilojua kwa kuishi kandokando ya ziwa, na ni lipi ulilojua kwa sababu faili la mteja lilipita mezani kwako? Hilo la pili si mali yako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na bila shaka mkataba wako una kifungu cha siri za wateja. Kautoe kabatini ukisome, pamoja na kile kinachohusu kazi za nje. Pia mtazamaji akija kugundua kwamba msimulizi alikuwa anakusanya madeni pale pale, atauliza kwa nini hukusema, na atakuwa na haki. Unaweza kusema wazi mwanzoni mwa video. Unaweza kungoja uondoke kazini. Unaweza kumpa habari hiyo mwandishi mwingine unayemwamini akaifanya yeye bila jina lako kuonekana, na najua hilo linauma kwa mtu anayetafuta jina. Kila njia ina unachokipoteza, ndiyo maana sikuchagulii.

Sasa hili la kutotaka siasa. Nakuelewa, na wengi wanaopenda habari za mtaani huanza na neno hilo. Ila ulikwenda kuuliza habari za samaki na mayai, mama wa watu akaitwa kujieleza. Ushuru wa meza, choo cha soko, bei ya dagaa, nani kapewa eneo jipya la biashara: kila kimoja kina mtu ofisini anayehusika nacho na asiyependa kuulizwa. Ukiingia mwaloni, viongozi wa BMU, kile kikundi kinachosimamia mwalo, na mwenyekiti wa mtaa wajue mapema uko pale kwa shughuli gani. Huombi ruhusa ya nini cha kusema, unamkinga mtu atakayebaki pale wewe ukishapanda daladala. Na watoto utakaowakuta wanabeba ndoo za dagaa muda wa shule, hao usiwaguse kwa kamera kabla hujazungumza na wazazi na kufikiri mara mbili, hata picha iwe nzuri kiasi gani.

Yule mama wa Busisi uliyemtaja kwa mistari miwili, je, ulirudi kumwona? Hujasema. Kama hujaenda, naona anastahili kuonyeshwa video yako nzima, aone kwamba maneno yake ya mgonjwa na Bugando hukuyatupa wewe. Na kama una nafasi, ipandishe hiyo nzima mahali pako. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kazi uliyoirekodi mwenyewe ni yako, isipokuwa umeiuza kwa makubaliano yanayosema vinginevyo; COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanaweza kukueleza zaidi. Wenzako wanaodumu katika kazi hii hawatumi video ghafi yote. Wanatuma iliyokwisha kuhaririwa, wanaandika kwenye ujumbe bei, siku ya kulipwa na kwamba isikatwe bila kuulizwa, na wanangoja jibu kabla ya kutuma. Ujumbe wa WhatsApp si mkataba wa mwanasheria, lakini ni bora kuliko simu ya mdomo.

Kuhusu hao hao kukuita uwe mwandishi wao, sitasema ni watu wabaya. Vyombo vingi vidogo vinahangaika. Nakuuliza tu: mtu ambaye hajakulipa ukiwa na mshahara mwingine, akijua huna mshahara mwingine atakulipa upesi zaidi?

Twende kwenye leseni, maana uliuliza waziwazi. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamhesabu mwandishi wa kujitegemea kuwa mwandishi, na inamtaka awe na ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kuwa mwandishi. Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari ilianza kutoa ithibati mwaka 2025, na kigezo cha elimu ni walau stashahada ya uandishi wa habari. Hiyo unayo. Wapo vijana wengi hodari wenye simu kama yako waliokwama hapo, kwa hiyo kile cheti kilichokuzungusha redio zote leo kina kazi. Hilo ni la mtu. La chombo ni jingine: ukiuza kazi kwa chombo chenye leseni, leseni ya maudhui ni ya kwao, ukifungua chaneli yako mwenyewe ya habari na matukio unaingia kwenye Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, zilizorekebishwa 2022, na hapo mlango ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko hapo hapo Mwanza. Nenda na video zako mbili tatu kwenye simu, waulize kama aina hiyo inahesabiwa ni habari, na ada za sasa ni kiasi gani, kabla hujaongeza nyingine. Klabu ya waandishi wa Mwanza nayo ni mahali pa kubisha hodi. Wapo watu wazima pale waliopitia haya yote, na mwandishi wa kujitegemea asiye na wenzake akipata matatizo hana wa kumpigia simu.

Fedha. Tukae nayo kidogo kwa sababu ada ya chuo haisubiri. Kwa bei hiyo ya 20,000, laki tano ni habari 25 kwa mwezi, zote zimenunuliwa na zote zimelipwa, kabla ya bodaboda, bando na chakula cha njiani. Habari ya aina yako, ya kukaa na mtu mpaka akusahau, haiwezi kutengenezwa 25 kwa mwezi na mtu mmoja. Wengi ninaowajua wa mikoani wanaishi kwa kuchanganya: Jumamosi send-off na harusi, katikati ya wiki video za mashirika na miradi, na habari zao wanazozipenda katika nafasi iliyobaki. Hakuna aibu katika harusi, ndizo zinazonunua maiki. Video za mashirika zinataka uangalifu zaidi, kwa sababu ukilipwa na mradi kuonyesha mafanikio yake, huwezi mwezi ujao kwenda pale pale kama mwandishi huru bila kusema. Na bahasha utakutana nazo. Kwenye semina zitaitwa nauli, mwaloni utapewa kilo za dagaa na tajiri mwenye mitumbwi. Amua sasa, ukiwa bado una mshahara, nini utapokea na nini utarudisha, kwa sababu mwezi wa kodi ya nyumba si wakati mzuri wa kuamua.

Idhaa za nje zinazotangaza Kiswahili, kama DW na BBC, hutumia waandishi wa kujitegemea, na simulizi za dagaa na mbalamwezi ni aina ya kitu wanachoweza kukitaka. Ila usimtegemee mnunuzi mmoja, hata awe mkubwa vipi. Machi 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha Sauti ya Amerika, wafanyakazi wa kudumu wakapelekwa likizo, na wa mkataba wakaambiwa kazi imekwisha. YouTube nayo, kwa utaratibu wake wa kawaida, haianzi kukugawia fedha za matangazo mpaka ufikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na baada ya hapo kipato kinapanda na kushuka bila kukuaga. Halafu mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilikatika nchini kwa siku kadhaa. Anayekula kwa mtandao peke yake alikaa siku hizo bila soko. Utahitaji akiba, na kiasi chake ukipange kwa ada ya mdogo wako kwanza, ndipo kwa kamera. Kamera nzuri unaweza kuazima au kukodi kwa siku. Simu yako, maiki ndogo ya kubana kwenye nguo yenye kifuniko cha upepo na powabenki vinatosha kwa mwanzo. Pale ziwani upepo huharibu sauti kabla hata picha haijaharibika, na mtu asiyesikika hawezi kumgusa yeyote.

Ukifika mahali pa kuondoka kazini, kumbuka kwamba mwajiriwa wa mshahara wa mwezi hutoa taarifa ya siku zisizopungua 28, na kwamba fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni la aliyeachishwa, si la aliyeacha mwenyewe. Michango yako haipotei, na unaweza kuendelea kuchangia kama aliyejiajiri. Bima ya ofisi ndiyo itakayokatika.

Lakini ni lazima iwe kuacha au kuvumilia? Katikati kuna nafasi. Je, ofisini hakuna dawati jingine, mafunzo ya wateja au mawasiliano, litakalokutoa kwenye kudai wale unaotaka kuwasikiliza? Huenda likakupunguzia mzigo wa roho. Huenda pia likakufanya msemaji wa kampuni, na hilo nalo lina bei yake. Je, unaweza kutafuta kazi nyingine kabisa ya kukuweka mjini, isiyo na deni la mtu ndani yake, na kamera ibaki ya mwisho wa wiki kwa mwaka mmoja? Utachoka, na zipo habari zinazotokea Jumatano ambazo hutazipata. Au kuungana: Kibera kule Nairobi, tangu 2010, vijana wa mtaa walianzisha Kibera News Network wakawa wanarekodi habari za mtaa wao wenyewe kwa kamera ndogo, wakigawana kazi. Hapo Mwanza mliosoma wote uandishi mkaishia kwenye mikopo, mawakala wa pesa na bodaboda, hamjai hata watatu wa kushirikiana vifaa na kusomeana kazi kabla haijatoka? Kikundi kina ugomvi wake, hasa hela ya kwanza ikiingia. Lakini kwenye kikundi, kichwa cha habari kikipotoshwa kuna wa kukupa sauti.

Au uache kweli, ukiwa na akiba, ithibati mkononi na wanunuzi wawili au watatu waliokwisha kukulipa angalau mara moja. Wapo walioruka hivyo wakasimama. Wapo waliorudi kazini baada ya mwaka, na hao sioni kama wameshindwa.

Nimemwacha mama yako mwisho, na naomba usimsome kama kizuizi. Alipokuambia waandishi wanapotea hakutunga. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea Kibiti, si wa jiji kubwa, akiripoti yaliyokuwa yakitokea kwa majirani zake. Alitoweka Novemba 2017 na mpaka leo familia yake haijui alipo. Ukimwambia mama kwamba wewe unarekodi dagaa tu, hatatulia, na kusema kweli nawe hujui habari ya dagaa itakufikisha wapi. Kinachoweza kumsaidia ni mambo ya kushikika: nani anajua ulipo kila unapotoka, unarudi saa ngapi, simu yako ikizima ampigie nani, na ni habari zipi umeamua kwamba peke yako huzigusi. Daraja lipo sasa, nenda Sengerema Jumapili bila kamera. Mbebee hesabu zako kwenye karatasi, mwaka mzima, mwezi kwa mwezi, na miezi mibaya usiifiche. Muulize pia anaogopa nini zaidi, kukupoteza au ada, kwa sababu umeyajibu yote mawili kama jambo moja.

Na mdogo wako awepo kwenye mazungumzo hayo. Ni mtu mzima anayesomea kuhudumia wagonjwa, anaweza kuambiwa ada yake inatoka wapi, muhula upi unaweza kuchelewa, na kuulizwa kama yuko tayari kwenda chuoni kuomba alipe kwa awamu. Huenda ana la kusema ambalo wewe na mama hamjalifikiria.